Asilimia ya Ulemavu wa Kudumu: Mwongozo kwa Mfanyakazi Aliyeumia Kazini Unguja na Pemba

Mfanyakazi anapoumia kazini na kubakia na kasoro isiyopona, fidia yake yote hatimaye hutegemea namba moja ambayo daktari ameiandika kwenye karatasi. Namba hiyo ni asilimia ya ulemavu wa kudumu. Mwajiri huitumia kukokotoa malipo, kampuni ya bima huitumia kukubali au kukataa, na shauri likifika mahkamani hakimu naye huanzia hapo hapo. Pamoja na uzito wake huo, wafanyakazi wengi huisikia kwa mara ya kwanza siku wanapoitwa kutia saini, wakati nafasi ya kuirekebisha imeshakuwa finyu.

Nililijua jambo hili kupitia kijana wa mtaani kwetu, fundi seremala, ambaye msumeno wa meza ulimkata mkono wa kulia. Karatasi aliyotoka nayo hospitali siku ile iliandikwa maneno mawili: "amekatika kidole." Haikutaja ni kidole gani, cha mkono upi, wala kimekatikia pingili ipi. Miezi kadhaa baadaye malipo yalikokotolewa kwa kufuata maneno hayo, kana kwamba amepoteza kidole chochote kile, ilhali kilichokatika kilikuwa kidole gumba cha mkono anaoshikia randa. Nilifuatana naye kutafuta karatasi ya pili iliyoandikwa sawasawa, na ilituchukua karibu mwaka mzima. Ninaandika mwongozo huu ili mwengine asiupoteze mwaka huo.

Sheria inayokuhusu

Mambo ya kazi na ajira si ya Muungano, kwa hiyo anayefanya kazi Zanzibar yuko chini ya sheria za Zanzibar. Sheria kuu ya fidia ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986, iliyofanyiwa marekebisho kwa Sheria Namba 5 ya 2005. Mwaka huo wa 2005 ndio zilipopitishwa pia Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8, nazo zinafaa kutajwa katika madai kwa sababu zinaeleza wajibu wa mwajiri kabla ya ajali kutokea.

Ninalisisitiza hili kwa kuwa watu wengi husikia habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, katika redio na televisheni, wakadhani watafungua madai huko. Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 ya Tanzania Bara na unahudumia Bara. Mzanzibari aliyeajiriwa Dar es Salaam na akaumia huko atauendea mfuko huo, lakini aliyeumia hotelini Nungwi, bandarini Malindi au kwenye jengo linalojengwa Wete mlango wake ni Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, na kwa wa Pemba ni ofisi zake za huko huko. Dhamana ya kulipa iko kwa mwajiri, awe amejikatia bima au hakujikatia. Mwajiri anayekuambia usubiri kwa kuwa "bima haijajibu" anakueleza habari ya mkataba wake na kampuni ya bima, nao haukuondolei haki yako kwake.

Mafao ya ulemavu ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, yaani ZSSF, ni jambo jengine. Hayo yanatokana na michango ya uanachama, na yanamlenga mwanachama ambaye ulemavu umemfanya ashindwe kuendelea na kazi. Mtu anaweza kuwa na haki katika njia zote mbili, kwa hiyo asikubali kuambiwa kwamba kuiendea moja kumeifunga nyengine mpaka aoneshwe kifungu kinachosema hivyo.

Asilimia inapimaje

Neno "ulemavu wa kudumu" lina sehemu mbili, na kila moja ina kazi yake. Ulemavu ni upungufu wa kiungo au wa uwezo wa kufanya kazi. Kudumu maana yake matibabu yamefika pale ambapo hali haitarajiwi tena kubadilika sana, ama kwa uzuri au kwa ubaya. Kabla ya kufika hapo mtu yuko katika ulemavu wa muda, ambao una malipo yake ya kipindi cha matibabu, na haifai kumpa asilimia ya mwisho.

Sheria za fidia za nchi zetu za Afrika Mashariki, ambazo zina asili moja katika sheria za enzi za Mwingereza, hutumia jedwali. Kupoteza mikono yote miwili, kupoofuka macho yote mawili au kupooza mwili mzima huhesabiwa asilimia 100. Chini ya hapo jedwali huteremka kiungo kwa kiungo: mkono uliokatikia begani, kiwikoni, kwenye kifundo, kisha kidole, na ndani ya kidole, pingili. Ndiyo maana neno "amekatika kidole" halitoshi. Kidole gumba kina pingili mbili, vidole vyengine vina tatu, na kila pingili ina thamani yake.

Ili uone tofauti ilivyo kubwa, chukua miongozo ya tathmini ya Chama cha Madaktari cha Marekani, ambayo madaktari wa nchi nyingi huirejea. Katika miongozo hiyo kidole gumba ni asilimia 40 ya kiganja, cha shahada na cha kati ni 20 kila kimoja, cha pete na cha mwisho ni 10 kila kimoja. Kiganja nacho ni asilimia 90 ya mkono mzima, na mkono ni asilimia 60 ya mwili. Aliyepoteza kidole gumba chote, basi, amepoteza asilimia 36 ya mkono, sawa na takriban asilimia 22 ya mwili, wakati aliyepoteza kidole cha mwisho amepoteza asilimia 9 ya mkono, sawa na takriban asilimia 5 ya mwili. Hizo si namba za jedwali la Zanzibar, na usizipeleke Kamisheni kama kwamba ni sheria yetu. Zinaonesha tu kwamba kosa la kutotaja kidole linaweza kuigawa fidia mara nne.

Zingatia pia kwamba asilimia "ya mkono" na asilimia "ya mwili" ni vitu viwili tofauti. Ripoti iliyoandika "ulemavu asilimia 36" bila ya kusema ni 36 ya kitu gani itazua ugomvi. Mwombe daktari akamilishe sentensi.

Wenye majeraha mawili nao hushangaa wanapoona namba hazijumlishwi moja kwa moja. Kwa njia inayotumika sana, jeraha la pili hupimwa katika kile kilichobakia baada ya la kwanza. Mwenye asilimia 20 ya mguu na asilimia 10 ya mgongo amebakiwa na asilimia 80. Kumi ya themanini ni 8, na jumla yake ni 28, si 30. Si dhulma, ni hesabu iliyowekwa ili jumla isizidi mwili mzima.

Yako pia majeraha ambayo jedwali haliyataji waziwazi: mgongo uliotenguka, kichwa kilichogongwa kikabakia na kizunguzungu, ngozi iliyoungua jikoni ikavutana kwenye kiwiko. Hapa daktari hutumia maarifa yake, akilinganisha na yale yaliyomo kwenye jedwali, na hapa ndipo maelezo yako kuhusu kazi unayoifanya yanapokuwa na nguvu kuliko mahali pengine popote. Mgongo wa kuli anayebeba magunia na mgongo wa karani unaweza kuonekana sawa katika picha ya eksirei, lakini uwezo wa kujipatia riziki uliopotea haulingani.

Siku za mwanzo

Kesi nyingi za asilimia hushindwa au kushinda katika wiki ya kwanza, kabla hata neno asilimia halijatajwa. Toa taarifa ya ajali kwa mwajiri siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama msimamizi alikuwepo akaona kwa macho yake. Ujumbe wa simu wenye tarehe ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Hakikisha taarifa inafika Kamisheni ya Kazi, na usitegemee kuwa mwajiri ameipeleka mpaka uone nakala yenye muhuri. Ajali ikiwa ya gari, au kuna mtu aliyesababisha, chukua PF3, yaani fomu ya matibabu ya majeruhi, kutoka polisi.

Hospitalini, awe aliyekupokea ni daktari wa Mnazi Mmoja au wa Abdalla Mzee kule Mkoani, mwambie wazi kwamba umeumia kazini, na umweleze ulivyoumia. Daktari wa zamu anashughulika kuzuia damu, na ni haki yake. Lakini kabla hujaondoka, wewe au jamaa aliyekuleta soma kilichoandikwa. Jina la kiungo, upande, pingili, na sababu ya ajali vyote viwepo. Piga picha kila karatasi, na jeraha lenyewe lipigwe picha siku hiyo na kila baada ya wiki. Andika majina ya wenzako wawili au watatu waliokuwepo, kwa sababu vibarua huhama, na baada ya miezi sita humpati hata mmoja.

Hapa sina budi kutaja muhali. Kwetu mtu huona haya kumdai mwajiri ambaye pengine ni jirani, au ni mtu wa shehia moja, au ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake na kumpa pesa ya dawa. Husema ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na ni kweli; lakini sheria haikumtaka mwajiri abishane na kadari, imemtaka abebe sehemu ya gharama ya kiungo kilichopotea katika kazi yake. Kutoa taarifa si kumshitaki mtu. Unaweza kuiandika kwa adabu zote na bado ikawa taarifa kamili.

Wakati wa kupimwa

Kosa linalofuata kwa ukubwa ni kupimwa mapema. Mwajiri anataka kufunga faili, mfanyakazi anataka pesa, na wote wawili humharakisha daktari. Lakini mwili hauharakishwi. Neva iliyokatika na kushonwa huota kwa kadiri ya milimita moja kwa siku. Neva iliyokatikia kwenye kifundo cha mkono, ambapo mpaka ncha ya kidole ni sentimita 18 hivi, itahitaji nusu mwaka au zaidi kabla ya kujulikana kama hisia zitarudi. Anayepimwa mwezi wa pili hupimwa mkono ambao habari yake haijakwisha, na matokeo yake yanaweza kumpunja yeye au kumpunja mwajiri. Vivyo hivyo mfupa: eksirei inaweza kuonesha umeunga vizuri huku kiungo kilicho jirani kimekaza, na kukaza huko hujulikana baada ya mazoezi ya tiba, si kabla yake. Muulize daktari swali hili kwa maneno haya haya: "Je, hali yangu imetulia, au bado inatarajiwa kubadilika?" Kisha omba jibu liandikwe.

Wanaofanya kazi karibu na jenereta kubwa au mashine za kusagia mawe, na masikio yakawa yamepungua, wapimwe baada ya kupumzika na kelele kwa saa 14 angalau. Anayetoka zamu na kwenda moja kwa moja kupimwa huchanganya uziwi wa muda na wa kudumu, na kipimo hicho hutupwa kwa urahisi.

Siku ya tathmini yenyewe nenda na mambo matatu. La kwanza ni mafaili yote ya matibabu kwa mpangilio wa tarehe. La pili ni karatasi moja, si zaidi, inayoeleza kazi yako kama ilivyo: unabeba nini, uzito gani, mara ngapi kwa siku, unapanda ngazi au unasimama, unatumia mkono upi. Usiandike "mhudumu wa hoteli"; andika kwamba unainua godoro ili kutandika, vyumba 12 kwa zamu, na kusukuma toroli la mashuka kwenye njia ya mchanga. La tatu ni ukweli. Daktari hupima pembe ya kiungo kwa kifaa, hupima nguvu ya kukamata, hulinganisha na upande mzima, na hurudia vipimo. Anayejilegeza kwa makusudi vipimo vyake havilingani, na daktari akishaandika kuwa havilingani, hata maumivu ya kweli hayasadikiwi tena. Wapo pia wa upande wa pili, hasa wazee wetu, ambao wakiulizwa hali husema "alhamdulillahi, sijambo," kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Mshukuru Mungu, kisha mwambie daktari kwamba huwezi kufunga kifungo cha shati na kwamba usiku unaamka kwa ganzi.

Fundi seremala wetu alipopimwa mara ya pili, daktari alimpa funguo na kumwambia azungushe, kama anafungua mlango. Ufunguo ulianguka mara tatu. Hilo liliandikwa katika ripoti, na sentensi hiyo moja ilifanya kazi kuliko barua zetu zote.

Kutoka asilimia hadi shilingi

Malipo hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: asilimia, mshahara, na idadi ya miezi ambayo sheria imeiweka kwa ulemavu kamili. Ili upate picha ya uzito wa kila asilimia, Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, huhesabu kwa mapato ya miezi 96. Asilimia 10 pale ni mapato ya miezi 9.6, na kosa la asilimia 5 tu ni karibu mapato ya miezi mitano. Kwa Zanzibar, waombe Kamisheni wakuoneshe kifungu na jedwali linalotumika kwa tarehe ya ajali yako, kisha ifanye hesabu mwenyewe kwa kalamu mbele yao.

Mshahara ndio sehemu ambayo watu huisahau wakishughulika na asilimia. Tuseme ulikuwa unapokea shilingi 400,000 kwa mwezi, lakini katika vitabu mwajiri ameandika 250,000 na zilizobaki ameziita posho. Fidia ikikokotolewa kwa vitabu hivyo, umepoteza zaidi ya thuluthi moja hata kama asilimia imeandikwa kwa haki. Kusanya hati za mshahara, taarifa za benki, ujumbe wa simu wa kupokelea pesa, na daftari la msimamizi ikiwa ulilipwa kwa siku. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Mashahidi na malipo yaliyorudiarudia huthibitisha ajira.

Wachumaji wa karafuu wana hali yao peke yake, kwani wengi huchuma kwa pishi katika shamba la mtu, msimu ukiisha wakatawanyika, na ni vigumu kumtaja mwajiri. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limekuwa likitoa malipo kwa wanaoanguka mikarafuuni. Aliyeanguka apate karatasi ya hospitali na barua ya sheha mapema, kabla ya msimu kufungwa, ikitaja shamba na siku.

Usikubali kutia saini karatasi ya "kumalizana" ambayo haikutaja asilimia, mshahara uliotumika na namna hesabu ilivyofanywa. Sulhu ni jambo jema na mara nyingi ni ya haraka kuliko mahkama, ila sulhu ni baina ya watu wawili wanaojua kiasi wanachosameheana. Omba kuichukua karatasi nyumbani, isomwe na mtu wa chama cha wafanyakazi au wa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kimekuwa kikisaidia wananchi tangu miaka ya tisini.

Usiporidhika na asilimia

Sema hivyo mapema na kwa maandishi, ukitaja kosa lenyewe. "Nimepewa kidogo" haimsaidii mtu yeyote. "Ripoti imetaja pingili moja ya kidole gumba, nami nimepoteza pingili mbili, kama eksirei ya tarehe fulani inavyoonesha" ni pingamizi ambalo daktari wa pili anaweza kulijibu kwa dakika tano. Omba tathmini ya daktari mwengine au ya jopo, na uulize gharama ni za nani kabla hujaenda. Mvutano ukiendelea, Kamisheni ya Kazi ndiyo inayokuelekeza kwenye usuluhishi, na baada ya hapo mahkamani.

Pesa ikishalipwa, ripoti ya tathmini isitupwe. Weka ya asili kwenye bahasha ya plastiki, kwa kuwa unyevu wa kwetu hula karatasi, na nakala mpe mtu unayemwamini. Kiungo kikiharibika zaidi baada ya mwaka au miaka miwili kwa sababu ya jeraha lile lile, ripoti hiyo ndiyo itakayoonesha ulikuwa wapi siku hali ilipohesabiwa kuwa imetulia.